Mwavuli Juu ya Farasi Asiyepandwa

Leo nilishinda Sanchi, India, mwendo mfupi wa treni kutoka Bhopal ninakosoma. Stupa kubwa, lile kuba la mawe la Wabuddha lililoanzishwa enzi za mfalme Ashoka, karne ya 3 KK, nililizunguka mara moja tu. Muda wangu wote uliishia kwenye malango yake manne, yaliyochongwa karne ya 1 KK.

Lango la mashariki ndilo lililonishika. Boriti yake ya kati inasimulia usiku ambao Siddhartha, mwanamfalme aliyekuja kuwa Buddha, alitoroka kwao Kapilavastu, akamwacha mke na mtoto, akaenda kuutafuta ukweli. Farasi anatoka mjini, kwato zimebebwa na viumbe wafupi ili waliolala wasiamke. Mbele kidogo yupo tena, na tena. Juu yake umeinuliwa mwavuli, kama wanavyoinuliwa wafalme, lakini mgongoni hakuna mtu. Mwisho wa boriti zipo nyayo mbili kubwa zenye alama ya gurudumu, na mtumishi wake Chandaka amezipigia magoti. Chini yake farasi anarudi nyumbani, na sasa mwavuli haupo. Hapo ndipo unapojua kwamba aliyekuwa amempanda ameshuka.

Kila kitu kingine kwenye mawe yale kimejaa: tembo, tausi, umati wa watu, mwanamke anayening'inia kwenye tawi la mwembe. Mmoja tu ndiye hayupo: Buddha mwenyewe. Kuzinduka kwake, alipoufikia ukweli kule Bodh Gaya, ni mti na kiti kitupu. Mahubiri yake ya kwanza ni gurudumu.

Na si kwamba mafundi hawakuweza. Maandishi ya lango la kusini yanasema kazi ile ilifanywa na wachonga pembe za ndovu wa mji jirani wa Vidisha, watu wa mikono myepesi kabisa. Tena, katika visa vya maisha yake yaliyotangulia, alipokuwa bado anazaliwa na kufa, wamemchonga waziwazi: mara mwanamfalme Vessantara, mara mfalme wa nyani aliyejilaza awe daraja, wenzake wavuke. Ni katika maisha ya mwisho tu ndipo mwili unapotoweka. Kwangu huo ni uamuzi. Aliyekwisha kuvuka kuzaliwa upya, patasi itamshika wapi?

Wapo wataalamu wanaosema vibao vingi vinaonyesha mahujaji tu, wakiabudu mahali patakatifu. Kwa mti na gurudumu, huenda. Kwa farasi yule siafiki, maana hakuna anayemwinulia farasi mwavuli wa kifalme.

Nimekulia Unguja, katika nyumba ambayo ukutani palitundikwa aya, si sura. Imani ni nyingine na sababu zake nyingine, lakini nadhani jicho langu lilikuwa limekwisha kufundwa kuheshimu nafasi iliyoachwa wazi.

Karne nyingi baadaye, mnamo mwaka 450 BK hivi, ziliwekwa sanamu nne za Buddha aliyeketi, kila moja ikitazamana na lango lake. Ni nzuri, zina utulivu. Hata hivyo moyo wangu uko na wale wa Vidisha. Nikirudi nitachukua daftari la kuchorea, nianzie nyuma ya lango la kaskazini, pale jeshi zima la Mara, yule pepo aliyemjaribu Buddha, madude yenye macho ya kutumbua, linapopigana na kiti kisichokaliwa na mtu.