Damu inaporudi utumboni

Mtu akinaswa na ngiri, yaani utumbo ukichomoza kwenye tundu la ukuta wa tumbo ukabanwa hapo, kule kisiwani Kojani, Pemba, saa huanza kuhesabika palepale. Avushwe kwa chombo, litafutwe gari, afikishwe Wete au Chake Chake, na huenda keshakandwa mafuta kwa kuwa "mshipa umepanda". Kukanda huko kwa nguvu ndiko kunakonitisha zaidi: utumbo uliokwisha kufa unaweza kusukumwa urudi tumboni, uvimbe ukatoweka, watu wakashukuru, kumbe uozo umehamia ndani.

Utumbo uliokatiwa damu kabisa huanza kuchubuka utando wa ndani katika saa ya kwanza. Ikifika saa sita hivi, ukuta mzima unaweza kuwa umekufa. Ncha za vijidole vya utando ndizo hutangulia, maana oksijeni huvuka kutoka ateri kwenda vena chini kwenye shina, kileleni ikafika kidogo.

Ila madhara hayaishi damu ikifunguliwa. Seli iliyokosa hewa hula akiba yake ya nguvu hadi ikabakiwa na rundo la hipozanthini, mabaki ya akiba hiyo. Oksijeni ikiingia ghafla, kimeng'enya cha zanthini oksidesi hulichoma rundo hilo na kutoa superoksidi, oksijeni kali inayoharibu kuta za seli. Seli nyeupe hukimbilia hapo zikaziba vimishipa. Papo hapo potasiamu na asidi zilizokuwa zimefungiwa hukimbilia moyoni. Kwa hiyo mtu wa nusu kaputi aambiwe kabla pete ya ngiri, ule mdomo wa tundu unaoubana utumbo, haijakatwa, si baada ya presha kushuka.

Maji ya dripu yatangulie kisu. Mtoto hupewa mililita 20 kwa kila kilo, kisha hupimwa tena. Mtu mzima huongozwa na mpira wa mkojo, na mwenye kilo 60 atoe angalau mililita 30 kwa saa. Kumjaza kupita kiasi nako kuna ubaya, ukuta wa utumbo huvimba na damu ikapita kwa shida.

Kitanzi cha utumbo kishikwe kwanza, ndipo pete ikatwe. Kikiponyoka kurudi ndani, hujui umeacha nini. Halafu vitambaa vikubwa vya gozi vilivyoloweshwa maji ya chumvi ya vuguvugu, oksijeni asilimia 100, na kusubiri dakika 10 hadi 15 bila kukifinyafinya. Chupa ya maji hayo ya chumvi ikitolewa kwenye beseni la maji moto, yajaribu maji yake ndani ya kifundo cha mkono: yakiunguza ngozi yako yataunguza na utumbo, na yakiwa baridi mishipa hujikunja ukadhani utumbo umekufa nao ungali hai.

Tazama ile alama ya pete, pande zote mbili. Katikati ya kitanzi panaweza kurudi wekundu, na pale palipobanwa pakabaki mstari wa kijivu, mwembamba kama karatasi. Hapo ndipo panapotoboka siku chache baadaye. Weusi wa zambarau mbivu peke yake si hukumu. Tafuta mng'ao, mapigo kwenye mesenteri (utando unaoushika utumbo na kupitisha mishipa yake ya damu), na utumbo kujikunja ukiguswa.

Kwa utumbo mpana uliojisokota na kuoza, kanuni hugeuka: usiusokotoe. Bana mishipa yake kwanza, ukate, sumu isipate njia.

Kuhusu dawa za kuzima superoksidi, sizioni kuwa tegemeo. Alopurinoli imesaidia wanyama wa maabara, hasa ikitangulia kabla damu haijarudi. Na ule ujanja wa mwaka 1986, wa kubana mshipa wa moyo wa mbwa dakika 5 na kuachia 5, mara nne, kabla ya kuuziba kwa muda mrefu, ulipunguza kweli sehemu iliyokufa. Lakini unamfaa anayepangiwa upasuaji, si anayefika spitali keshabanwa.

Ukibaki na shaka kama utumbo u hai, na kukata kutamwachia utumbo mfupi mno, mfungue tena tumbo utazame baada ya saa 24 hadi 48. Mapigo yakipanda au tumbo likikaza kabla ya hapo, usingoje saa hizo zitimie.