Siku darasa zima lilipofeli

Mwaka 2018 nilikuwa nafundisha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, katika chuo kimoja Dar es Salaam. Zoezi la wiki hiyo lilikuwa jepesi: skripti, yaani faili la amri zinazotekelezwa moja baada ya nyingine, isome faili la majina na maksi, iandike AMEFAULU kwa mwenye 40 kwenda juu na AMEFELI kwa wengine. Majina tuliyabuni wenyewe.

Binti mmoja, mkali kuliko wote darasani, alikuwa ameshaimaliza nyumbani kwenye laptopu yake ya Fedora, aina mojawapo ya Linux. Akaja nayo kwenye flashi, akaiendesha mbele ya wenzake kwenye kompyuta ya maabara, ambayo ilikuwa na Ubuntu, aina nyingine. AMEFELI, AMEFELI, AMEFELI, mpaka mwisho wa faili. Hata mwenye 91 kafeli.

"Madam, darasa zima lina sapu!" kijana wa nyuma akapaza sauti. Vicheko.

"Lakini kwangu inafanya kazi," binti akasema, na kweli ilikuwa inafanya.

Tukaisoma. Mstari wa juu, unaotaja programu ya kuisoma skripti, ulikuwa `#!/bin/sh`; chini yake, `if [[ $maksi -ge 40 ]]`. Baada ya `done` alikuwa ameweka `2>/dev/null`, inayotupa ujumbe wa makosa, desa la waliomtangulia, eti skrini ibaki safi. Nikamwambia aifute, aendeshe tena. Sasa kila AMEFELI ikaja na lalamiko lake: `[[: not found`.

Nikawaambia waandike `ls -l /bin/sh`, waone jina hilo linaelekeza kwenye programu gani. Ubuntu ikajibu dash, kama ilivyo tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006. Kwenye Fedora jina hilohilo linakupeleka bash, programu nyingine ya kusoma amri, yenye mambo mengi kuliko dash. Mabano mraba mawilimawili bash inayaelewa, POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina hii, haiyadai, na dash inadhani ni jina la amri: inaitafuta, haiioni, inarudisha 127, namba ya kosa. Kwa `if`, chochote kisicho sifuri ni hapana, basi inakwenda zake kwenye `else`, yaani "la sivyo", ilikoandikwa AMEFELI. Hicho ndicho nilichotaka wakione. Skripti ikigoma, utajua. Hii haikugoma; ilitoa matokeo yaliyopangika vizuri, yote ya uongo, na shahidi pekee alikuwa amezibwa mdomo.

Akarekebisha: `[ "$maksi" -ge 40 ]`, bano moja kila upande, nafasi ndani yake, alama za kunukuu. Ikakubali kote.

Hapo mwenye MacBook akadakia kwamba yake inakwama kwenye `sed -i 's/,/ /' maksi.txt`, ikisema `invalid command code m`. Hilo lilinichekesha. `sed` ni amri ya kubadilisha maandishi, na `-i` huiambia ibadilishe faili lenyewe. Ya Mac inataka kiambishi cha nakala rudufu baada ya `-i`, kwa hiyo ilimeza maelekezo yake kama kiambishi, kisha ikalichukua jina la faili kuwa maelekezo. Tukaachana na `-i`: andika kwenye faili jipya, kisha kwa `mv` ulipe jina la lile la zamani.

Tangu muhula ule kila kazi naiendesha kwa dash kwanza ndipo nasahihisha. Wapo waliolalamika kwamba nawanyima vitu vitamu vya bash, na wakalalamika hadi mtihani wa mwisho.