Siku yangu na damu iliyolalia barafu

Saa 1:10 asubuhi
Kabla ya koti la maabara, kipimajoto cha ukutani: nyuzi 21. Tunaruhusiwa kati ya 18 na 25. Naitoa Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganishia seli za damu, kwenye friji ikae mezani ipate joto la chumba. Ikiwa baridi inakuwa nzito kuliko inavyotakiwa, na damu haijipangi.

Saa 2:40
Sanduku limefika. Mirija 12 ya damu, yenye heparini ya kuizuia isigande, vifuniko vya kijani. Minane imekaa kwenye sponji katikati. Minne imeteleza, imelalia vipande vya barafu.

"Nimezitunza, dada. Ziguse, baridi kabisa!" anasema mbebaji, kajaa furaha.

"Kaka, ndiyo tatizo lenyewe."

Simlaumu. Tumezoea kwamba kisichotakiwa kuharibika kinatiwa friji. Kwa chanjo nyingi ni kweli. Lakini ninazozitafuta mimi ni seli nyeupe zilizo hai bado, na baridi ya friji huzivuruga. Wanaopima CD4, seli za kinga zinazohesabiwa kwa wenye VVU, wanalijua hili siku nyingi, ndiyo maana sampuli zao hukaa joto la chumba. Isitoshe, damu hii ilitolewa jana saa 9 alasiri. Ningeipata ndani ya saa 8 ningefurahi. Sasa imetimiza karibu 18.

Bahati ni kwamba mtu mmoja ana mirija miwili, mmoja wa katikati, mwingine wa barafuni. Naitenga hiyo miwili ili niilinganishe.

Saa 3:30
Nainamisha mrija, naiteremsha damu taratibu juu ya Ficoll, ikitambaa ukutani bila kurusha. Mkono ukitetemeka, anza upya. Kisha mashine ya kuzungushia mirija, dakika 30, breki nimeizima ili matabaka yasitikisike mwishoni.

Saa 4:20
Mrija wa katikati unapendeza: wekundu chini, plazma ya manjano juu, na katikati pete nyeupe, nyepesi kama mvuke uliogusa kioo. Humo ndimo limfosaiti na monosaiti, seli nyeupe ninazozitafuta, zilipo. Ule wa barafuni pete yake ni nene, ina uwaridi, na vinyuzi vya chembe sahani vilivyogandamana.

Granulosaiti, seli nyeupe za aina nyingine, ndizo zilizovamia. Zikiwa salama huzama chini pamoja na seli nyekundu. Zikikaa muda mrefu au zikipigwa baridi, uzito wake hubadilika, zinaelea na kuchanganyika na wenyeji. Wala hazikai kimya. Huzipunguza nguvu seli T, zile limfosaiti za kinga, zilizo jirani.

Saa 5:15
Hadubini na rangi ya tripani. Iliyokufa hunywa rangi ikawa bluu, iliyo hai hubaki inang'aa. Kwenye mrija wa barafuni nilitegemea bluu tele. Ziko chache tu! Hapa ndipo wengi hudanganyika. Seli inaweza kuwa hai na bado ikashindwa kazi: unaichokoza kwa kipande cha kirusi, inajibu kivivu. Mtafiti anaandika kwamba kinga ya mgonjwa imechoka, kumbe kilichochoka ni sanduku.

Saa 7:05 mchana
Simu. Gari limechelewa, je, waiweke damu ya leo kwenye friji hadi kesho? Hapana. Iacheni mezani, mbali na dirisha, na gari lije leo hii hii, hata usiku.

Saa 8:30
Kugandisha seli. Ndiyo, baada ya kelele zote hizo mimi mwenyewe nazipeleka kwenye baridi. Tofauti ni DMSO, kemikali ya asilimia 10, inayozuia barafu isizipasue seli kutoka ndani, na mwendo: nyuzi 1 kwa dakika hadi 80 chini ya sifuri. Kesho zitaingia kwenye naitrojeni ya kimiminika, ambako zinaweza kukaa miaka. DMSO yenyewe ni sumu kwa seli zikiwa na joto, kwa hiyo hapa sipokei simu ya mtu.

Saa 10:15 jioni
Fomu. Saa ya kutolewa damu, saa ya kuanza kazi. Sehemu ya maoni kwa kawaida huachwa tupu, na mirija minne ikifutwa kuna mtu atanuna. Naandika: "Iligusa barafu. Isitumike kupima utendaji wa seli T." Kisha nachukua kalamu nene na kuandika juu ya kifuniko cha sanduku, kwa herufi kubwa: USITIE BARAFU.