Maji meupe kwenye tangi la samaki: msiyamwage

Nawaombeni, msiyamwage. Kila nikiitwa kutazama tangi hapa Kibokoni, Mombasa, nakuta mwenyewe keshatoa maji yote, keshasugua na kioo, na kesho yake weupe umerudi mzito kuliko jana. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya jirani. Tangi jipya la lita 60, samaki wa dhahabu wanne, maji yamekuwa kama tui la pili. “Khala, hawa hawatanifia?” mwanawe akaniuliza, ndoo iko mkononi tayari. Nikamwambia aiweke chini kwanza.

Chota maji ya tangi kwa bilauri ya kioo, uiache palipotulia mpaka asubuhi, kisha uitazame ukiweka karatasi nyeupe nyuma yake. Vumbi likituama chini, changarawe haikuoshwa vizuri. Maji yakiwa ya kijani, ni mwani, na mwani hupenda jua la dirishani, sogeza tangi. Rangi ya chai nyepesi hutoka kwenye kipande cha mti kilichowekwa kwa urembo, na haidhuru. Lakini bilauri ikiwa bado nyeupe toka juu mpaka chini, hao ni bakteria.

Bakteria hao wanajilia mabaki ya chakula na uchafu, na huzaana upesi mno. Kuna wengine, wa polepole, wanaojishikiza kwenye sponji ya chujio na kwenye mawe. Hao ndio tunaowataka: huigeuza amonia inayotoka kwa samaki kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, halafu naitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi. Kwa kawaida huchukua wiki 4 mpaka 6 kutosha kwa kazi hiyo. Ukiiosha sponji kwa maji ya mfereji yenye klorini unawaua, na unaanza upya. Ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, inatosha.

Weupe wenyewe utaondoka. Amonia ndiyo ninayoiogopa, hasa hapa kwetu. Maji ya visima vya Mombasa yamepita kwenye mwamba wa matumbawe, yamebeba chokaa, na pH yake, kipimo cha asidi ambacho hupanda asidi ikipungua, huwa juu. pH ikipanda, na joto nalo likipanda, amonia nyingi zaidi hugeuka kuwa ile ya sumu kali. Juu ya hayo, maji yenye joto hayashiki oksijeni nyingi. Kwa hiyo ule ushauri wa watu wa nchi za baridi, kwamba usubiri tu, mimi haunitoshi. Subiri, lakini upime.

Kijana nimemwambia asiwape chakula siku mbili, halafu awape kidogo tu, kile wanachokimaliza mara moja. Pampu ya hewa isizimwe usiku. Stima ikikatika, achote maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, ili hewa iingie. Amonia ikionekana, abadilishe robo ya maji, si zaidi, kwa maji yaliyolala kwenye ndoo wazi ili klorini ipae.

Na hayo maji yametoka wapi? Mfereji ukikauka tunanunua mitungi ya mkokoteni, na mtungi wa leo huenda ni wa kisima cha chumvi, wa kesho ni wa mfereji. Sisi tutakunywa au kufulia, lakini samaki mabadiliko hayo humshtua. Muulizeni muuzaji amechota wapi, na muonje. Samaki aitwaye moli huvumilia chumvi. Samaki wa dhahabu hawaiwezi.

Wawili kati ya wale wanne nimewachukua kwangu. Samaki wa dhahabu akitunzwa huweza kukua akapita shubiri, na lita 60 hazimtoshi hata mmoja aliyekomaa, kwa hiyo nimeshamwambia mamake kijana aanze kuweka pesa za tangi kubwa zaidi. Karatasi za kupimia amonia nitampelekea kesho.