Rubani alichagua mteremko

Mwezi wa 9 mwaka 2000 nilipanda ndege Goma kwenda Kisangani kumtafuta dada yangu, maana toka ile vita ya siku 6 ya mwezi wa 6, Rwanda na Uganda kupigana kwenye mji ambao si wao, hatukuwa na habari yake yoyote. Simu hakuna, barabara ya Walikale na Lubutu ilishakufa zamani, ukitaka kufika ni ndege tu, na ndege zenyewe Antonov za zamani, watu na mizigo humohumo. Yetu ilikuwa na injini 2. Nyuma yetu magunia ya maharagi, viazi na jibini ya Masisi mpaka karibu na dari.

Dakika kama 40 hivi mlio ukabadilika. Nilikuwa dirishani upande wa kushoto nikaona panga za injini zinazunguka polepole, polepole, mpaka zikasimama kabisa nikaweza kuzihesabu, 4. Chini msitu mtupu, hata moshi wa kijiji hakuna. Mama niliyekaa naye akanishika mkono akaanza Baba Yetu, wengine wakamfuata.

Watu wakapiga kelele turudi Goma, turudi! Fundi wa ndege, hao walikuwa wanaongea Kirusi tu, akatokea mlangoni shati limelowa jasho, akatuonyesha kwa kiganja: mbele, chini. Kwa kweli nilimchukia. Baadaye sana ndo nikaelewa, Goma iko juu karibu mita 1,500 na kurudi lazima upite tena milima ya Masisi, kwa injini moja na mzigo ule tusingepanda, lakini Kisangani iko bondeni, kama mita 400 tu, na uwanja wa Bangoka una njia ndefu ya kilomita 3 na nusu. Rubani alichagua mteremko. Sikupata hata kumshika mkono yule mtu na mpaka leo inaniuma.

Gunia moja likapasuka, maharagi yakawa yanatiririka chini ya viti kwenda mbele, yanagonga viatu vyetu, ndo nikajua kweli tunashuka.

Tukagusa chini kwa kishindo, ndege ikakimbia ikakimbia mpaka ikasimama. Nje wanapiga kelele tokeni haraka, na yule mama kapiga magoti anaokota, "mwanangu, hii ndo pesa ya shule ya watoto", basi tukapiga magoti wote, wazee, askari, tunamjazia kitenge.

Dada nilimkuta mtaa wa Tshopo, humohumo Kisangani, jioni ile, mzima, nyumba haina mabati upande mmoja. Habari ya injini sikumwambia mpaka kesho yake, usiku ule nilimwacha asimulie siku zake 6.