Tatuu mpya ilivyokuwa inalowa na kutoa vipele, hivi ndo nilivyoitibu

Jamani afadhali, tatuu ya mkono imetulia. Siku ya 4 ilianza kuwasha balaa, vipele vidogo vidogo, magamba yamelowa tepetepe, nikazidisha mafuta ya mgando nikafunga na nailoni, na joto hili la Dar ndo ikazidi. Usaha wala homa sikuwa navyo, ningekuwa navyo ningekimbilia hospitali. Kilichosaidia: naosha kwa vidole na sabuni isiyo na manukato, nakausha na tishu kwa kugusagusa tu, halafu, hapa ndo penyewe, nasubiri kama dakika 10 ngozi ikauke kabisa ndo napaka mafuta kiduchu sana, yasing'ae. Magamba siyabandui, yanadondoka yenyewe. Wiki ya 3 hii, wino uko vilevile.