Tarehe ya Korti na Tarehe ya Ulingo

Bondia wa kulipwa hana mshahara. Hula anapopigana, na kwa bondia wa Nakuru au Kisumu, mapigano matatu kwa mwaka ni riziki ya kushukuru. Kesi ikiahirishwa miezi miwili na tarehe mpya ikaangukia wiki ya pambano, theluthi ya kipato cha mwaka imeshaenda, na hakimu bado hajasema lolote kuhusu hatia. Hilo ndilo linalotuuma. Adhabu humfika bondia kabla ya hukumu.

Chukua shtaka linalowapata mabondia mara kwa mara: kushambulia na kusababisha madhara ya mwili, kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo cha hadi miaka mitano. Vurugu zimezuka baa usiku wa Jumamosi, mlalamishi amejaziwa fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandikia majeraha, na Jumatatu kijana yuko kizimbani. Mtaani utaambiwa mikono ya bondia imesajiliwa serikalini kama silaha. Sheria ya namna hiyo haipo Kenya. Bondia anashtakiwa kama mwananchi mwingine yeyote, na kifungu cha 49 cha Katiba kinampa haki ya dhamana isipokuwa pawe na sababu nzito za kumnyima.

Masharti ya dhamana ndiyo humbana. Pesa taslimu alizolipa, ambazo zingenunua chakula cha kambi na kulipia vipimo vya damu, macho na ubongo, hukaa kortini hadi kesi iishe. Risiti yake itunzwe kama hati ya shamba, maana bila hiyo kurudishiwa pesa ni safari ndefu. Kisha kuna pasipoti. Korti ikiagiza iwekwe kwa msajili, pambano lolote la ng'ambo linahitaji kibali. Wakili huwasilisha ombi pamoja na hati ya kiapo, akiambatanisha mkataba wa pambano, mwaliko wa promota, tiketi ya kwenda na kurudi, na barua ya tume ya ndondi za kulipwa. Upande wa mashtaka nao lazima upewe nafasi ya kujibu. Wengi hukosea hapa: huomba wiki moja kabla ya safari, wakati ubalozi ulihitaji hiyo pasipoti wiki nyingi nyuma. Mkataba ukitiwa sahihi leo, ombi liwe mezani wiki hii hii.

Jambo la viza lisichukuliwe kimzaha. Fomu ya Marekani huuliza kama umewahi kukamatwa au kupatikana na hatia. Aliyekamatwa kisha akaachiliwa bado anatakiwa kujibu ndiyo na kwenda na nakala ya uamuzi. Kesi anaweza kuieleza dirishani; uongo ukigunduliwa unaweza kumfungia mlango maisha yake yote.

Kwa nini kesi huburutwa? Mara shahidi hakuja, mara faili ya polisi haikuletwa, mara hakimu amehamishwa. Hili la uhamisho linahitaji uamuzi wa kichwa baridi. Kifungu cha 200 cha sheria ya mwenendo wa mashtaka kinampa mshtakiwa haki ya kutaka mashahidi waitwe upya mbele ya hakimu mpya. Ni haki nzuri pale ushahidi ulipotegemea jinsi shahidi alivyotetemeka au kujikanyaga. Kama ushahidi wote ni makaratasi, kuendelea pale kesi ilipoishia huokoa miezi. Tena kwa kesi ya kupigana isiyo nzito, kifungu cha 176 kinairuhusu korti kuhimiza mapatano. Mabondia wengi hawakijui, na mawakili wengine hawakitaji mpaka waulizwe.

Bondia ajue pia tofauti ya kesi kutajwa na kusikizwa. Siku ya kutajwa, wakili anaweza kuomba mteja asamehewe kufika au ajiunge kwa njia ya video. Siku ya kusikizwa lazima awepo. Asipofika bila ruhusa, hati ya kumkamata hutolewa na mdhamini wake huingia matatani.

Sasa weka tarehe hizo juu ya kalenda ya kambi. Kambi ya wiki nane huwa na spari, yaani mapigano ya mazoezi, kali zaidi wiki ya tano na ya sita. Wiki ya mwisho ni ya kupunguza maji mwilini ili afike kilo zake, tuseme 61.2 za uzani wa lightweight. Mtu anayekausha mwili hafai kukaa kwenye benchi la korti tangu saa tatu asubuhi akisubiri jina lake. Kupima uzito hufanyika siku moja kabla ya pambano. Kama anapimwa Nairobi na korti iko Nakuru, ni kilomita 160 hivi, na barabara ile ikifungana hana uhakika wa kufika. Kocha ampe wakili kalenda ya kambi, wakili aisome mbele ya hakimu tarehe inapopangwa. Mahakimu wengi husikia ombi linalotolewa mapema na kwa heshima.

Akikaa siku 365 bila kupigana, BoxRec, tovuti inayoweka rekodi za mabondia, humwondoa kwenye orodha ya viwango. Muhammad Ali alipigana Machi 1967, akarudi ulingoni Oktoba 1970, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta hatia yake ya kukataa kuingia jeshini Juni 1971. Alishinda kesi, lakini miaka ile mitatu na nusu ya ujana wa miguu yake hakuna jaji aliyeweza kuirudisha.

Kesi za mikataba nazo huua kimyakimya. Mikey Garcia alikaa nje kuanzia Januari 2014 hadi Julai 2016 kwa mzozo na promota wake. Mwaka 2021 uamuzi wa msuluhishi ulimlazimu Tyson Fury kurudiana na Deontay Wilder, na pambano lake na Anthony Joshua likavunjika. Kwa hiyo, kabla ya sahihi, tafuta kipengele kinachosema muda wa mkataba husimama bondia akiwa mgonjwa, amefungiwa au yuko rumande. Kikiwepo, mkataba wa miaka mitatu unaweza kugeuka wa mitano. Dai kiwekewe kikomo, kama miezi sita. Promota akikataa kulipa na deni halizidi shilingi milioni 1, nenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60.

Kesi ikiisha, chukua nakala ya uamuzi iliyothibitishwa, pasipoti na pesa za dhamana, kisha fuatilia cheti cha tabia njema kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ili rekodi ionyeshe kesi ilivyokwisha. Vipimo vya afya virudiwe vyote. Pambano la kwanza liwe la raundi sita, hata promota akileta la raundi kumi lenye pesa mara mbili.